Tupeane uzoefu: kanuni ya chuo iliyokuokoa au iliyokuumiza

Habari za muda huu wakuu. Ule mwezi wa kumi chuo kikifunguliwa tunapewa prospektasi na kitabu cha kanuni za mitihani, wengi wetu kinaishia chini ya kitanda hosteli mpaka siku jina limetoka kwenye orodha ya sapu (mtihani wa marudio kwa waliofeli) ndo unaanza kukitafuta. Mdogo wangu kaingia mwaka wa kwanza juzi, kaniuliza sapu na keri (kubeba kosi uliyofeli ukairudie mwaka unaofuata) zina tofauti gani, nikaona bora nilete huku. Uwe ulisoma au unafundisha, karibu. Vyuo tusivitaje tafadhali, sitaki ligi ya Mlimani na Dodoma humu.

Naanza mimi. Kwetu sapu ukifaulu inaandikwa C, hata uandike mpaka msahihishaji apige makofi. Mwaka wa pili nilisapu takwimu, nikarudi mwezi wa tisa nikaipiga vizuri tu, C. Nikamaliza na GPA, yaani wastani wa alama zote, 3.7. Sasa kazi ya ualimu msaidizi chuo kikuu inataka 3.8 kwa 5. Yaani kuanzia 3.5 unahesabika daraja la pili la juu, nyumbani wamechinja na mbuzi, ila mlango wa kufundisha chuo umeshafungwa na C moja ya takwimu. Sina kinyongo. Kidogo tu.

Mama_Mapacha:
Mleta uzi pole. Mi nitaongelea mtihani maalumu, ule tunaita speshi, maana watu wanauchanganya na sapu kwa kuwa vyote vinafanyika mwezi wa tisa ukumbi mmoja. Nilikuwa na ujauzito mkubwa UE (mtihani wa mwisho wa muhula) inakaribia, shosti mmoja akaniambia we jikaze tu ingia hata paper mbili. Mama mmoja wa ofisi ya udahili, Mungu ambariki, akanikalisha akaniambia mwanangu ukiingia ukafeli hiyo ni sapu na ni C, ila ukiandika barua ya kuahirisha kabla mtihani haujaanza, ukaambatanisha karatasi ya hospitali, na ya kwetu ilitakiwa ipite kwanza kwa daktari wa chuo apige muhuri, ukija kufanya unahesabiwa kama ndo mara ya kwanza. Nikaandika. Nikajifungua salama, mwezi wa tisa nikaingia ukumbini watoto wako nje na bibi yao, nikatoka na B+ mbili na A. Wenzangu waliokuwa wanafanya sapu pembeni yangu karatasi ileile, wao C. Barua ya ukurasa mmoja jamani.

dogo_wa_madesa:
Mi kanuni niliyokuwa naijua ni moja tu, bila kusaini boom (hela ya kujikimu ya mkopo) haliingii 😂

Mwalimu_Zamu:
Nafundisha, naomba niseme na upande wetu maana huwa tunaonekana wabaya. Kwetu kosiweki (testi na kazi za muhula) ni alama 40 na UE ni 60, na kanuni inataka alama za kosiweki zitoke kabla ya UE, mwanafunzi azione. Wengi tunalichukulia poa hasa ukiwa na darasa linalojaza ukumbi mpaka wengine wanasimama madirishani. Mimi nilijiwekea utaratibu, nabandika, CR (kiongozi wa darasa) anazungusha karatasi kila mtu anasaini mbele ya alama yake. Mwaka mmoja kaja kijana na mzazi wake, mzee wa watu kavaa koti kabisa, wanadai nimemkata alama za testi baada ya kugombana naye. Sikubishana. Nikatoa ile karatasi, sahihi yake hiyo hapo, tarehe kabla ya UE. Mzee akaiangalia, akamgeukia mwanaye, akasema shikamoo mwalimu wakati salamu tulishapeana. Na mjue matokeo siyapitishi mimi, yanakwenda idara, kuna mtahini wa nje anapitia, yanapanda mpaka Seneti. Mkituma meseji saa sita usiku "ticha nisaidie" mnanisumbua bure.

Mama_Mapacha:
Hahaha hiyo shikamoo ya pili!

Komredi mstaafu:
Huku Kenya sisi shida yetu kubwa ni maksi kupotea. Umekaa mtihani, umesaini, mwisho wa mwaka kwa portal ni pengo tupu. Mimi ilinipata mwaka wa nne, jina halikuwa kwa orodha ya mahafali, na mamangu ashashona nguo. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimeweka kadi ya mtihani yenye muhuri wa msimamizi, ile wasee hutupa wakitoka nje ya ukumbi. Mkuu wa idara akaitisha daftari la mahudhurio, ikalingana, karatasi ikapatikana kwa bahasha ya kozi nyingine. Wengine wawili hawakuwa na kadi, wakangoja mahafali ya mwaka uliofuata.

mkulima_msomi:
Mahudhurio asilimia 75 ndo uruhusiwe kufanya UE, nayo iongelewe. Darasa la saa moja asubuhi Jumatatu nani aliliweka?

fresha2:
Wakuu samahani, mi matokeo yametoka jana nina D kosi moja, naamini kabisa karatasi haikujumlishwa sawa. Nifanye nini? Kuna mtu kaniambia nimtafute mwalimu nyumbani kwake.

Mwalimu_Zamu:
USIENDE NYUMBANI KWA MTU. Fungua kanuni zenu, sehemu ya rufaa, uone mna siku ngapi toka matokeo yatangazwe na ada ni shilingi ngapi. Unalipia kwa control number, unajaza fomu, unapeleka kwa mkuu wa idara na nakala yako inagongwa muhuri. Na jiandae na sapu hukohuko, rufaa haisubiriwi umekaa.

fresha2:
Asante ticha. Naweza kwenda hata Jumatatu?

Mama_Mapacha:
Jumatatu ya nini dogo, ofisi zinafungwa saa tisa na nusu, vaa viatu.