Vifaa vya kupanua uke baada ya mionzi: bwana yangu ameviona

Mama Neema, Kadutu
Ndugu na dada, nilitibiwa kansa ya mlango wa kizazi kwa mionzi, Kigali. Nimerudi Bukavu na kimfuko cha vifaa vinne vya plastiki, ncha mviringo, vimepangwa kwa unene kama sufuria za kuingiliana. Waliniambia nitumie mara tatu kwa wiki. Nikavificha chini ya vitenge. Bwana yangu akaviona. Hakupiga kelele, aliuliza tu: "Mimi sitoshi?" Nikakosa jibu. Tena mama mkwe analala chumba cha pili, katikati ni pazia tu.

Kinezi wa Ibanda
Pole mama. Mionzi inaua kansa lakini inaacha kovu: uke unakauka, kuta zinaweza kushikana, njia ikawa fupi na nyembamba. Usipoizuia, hata daktari atapata shida kukupima. Anza na kile kidogo kabisa. Lala chali, magoti juu, ingiza polepole huku ukitoa pumzi, dakika 5 hadi 10. Tumia jeli yenye asili ya maji. Mawese na Vazelini acha, zinaharibu kapote (kondomu). Ukimaliza, osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ukaushe. Matone kidogo ya damu yasikutishe. Ikitoka nyingi, rudi hospitali.

Baba Espoir
Mimi nilikuwa na hasira ya bwana yako. Muuguzi akaniita ndani, akaniwekea kile kidogo mkononi, akaeleza mbele ya mke wangu. Aibu ilikuwa yangu, si ya mke. Nenda naye kwenye miadi. Usimweleze wewe peke yako, atadhani unajitetea.

Mtumishi
Hivi ni vitu vya wazungu. Omba tu.

Mama Neema, Kadutu
Mtumishi, niliomba na mionzi nikapigwa, sikuacha hata kimoja. Baba Espoir, aksanti, amekubali tuende pamoja. Swali la mwisho: farmasi ya huku kwetu wana jeli ya ekografia tu, ile ya kipimo cha picha ya tumbo. Inafaa?

Kinezi wa Ibanda
Hapana, hiyo ni ya kupaka tumboni. Omba ile ya kuwekea sonda (mpira) ya mkojo, isiyo na dawa ya ganzi. Ganzi itakuficha maumivu, utasukuma kupita kiasi. Na mama mkwe akienda misa ya asubuhi, hiyo ndiyo saa yako.