Mrejesho: leseni niliyoichagua kwa maktaba yangu ya msimbo

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza leseni gani niiwekee maktaba yangu (msimbo ambao programu nyingine huutumia) ya kusoma faili za sauti, ili hata kampuni zinazouza programu zenye msimbo wa siri ziitumie bila kulazimika kuufungua msimbo wao.

GPL niliitoa mapema, maana inadai programu nzima inayoitumia maktaba nayo ifunguliwe msimbo inaposambazwa. LGPL, ndugu yake iliyolegezwa, ilinisumbua zaidi: programu ya siri inaruhusiwa kuitumia maktaba, ila mteja lazima aweze kuweka toleo la maktaba alilolirekebisha mwenyewe, na hilo ni kazi pale kila kitu kinapounganishwa kuwa faili moja. Aliyependekeza leseni ya MPL 2.0 nusura anishawishi. Hiyo inadai yafunguliwe mafaili ya maktaba yenyewe tu, basi.

Nimechukua Apache 2.0. MIT ni fupi, naipenda kwa hilo, lakini haizitaji hataza (haki za kisheria za uvumbuzi) waziwazi. Apache inatoa ruhusa ya hataza za wachangiaji, na anayefungua kesi akidai programu hiyo inavunja hataza anaipoteza ruhusa hiyo. Ila Apache haiendani na miradi iliyofungwa kwenye GPL toleo la 2 pekee. Toleo la 3 la GPL, la mwaka 2007, halina shida.

Kabla ya kubadili leseni niliwaomba wachangiaji wa awali kibali cha maandishi, maana hakimiliki ya vipande vyao ni yao. Wote wamekubali.