Viza ya mwanafunzi Australia dola zao 2,000, ukinyimwa hairudi hata senti. Na mawakala wetu nao wanatumaliza

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Ifakara, alimaliza SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, miaka miwili iliyopita. Binti ana kichwa. Akapata udahili wa uzamili wa sayansi ya chakula huko Australia, kuanza Februari 2026, na chuo kikampunguzia sehemu ya ada. Kaka yetu mkubwa aliyeko Muscat, Oman, akasema ada na pesa ya kuishi niachieni mimi, nyie huku nyumbani pambaneni na viza, bima ya afya na vipimo. Tukaona tumepewa kazi nyepesi.

Dada akauza mpunga mwezi wa sita. Watu wa Kilombero mnajua maana yake. Mpunga unauzwa mwezi wa sita na mwenye shida tu, kila mtu kavuna, soko limefurika, dalali anakupangia bei huku anachokonoa meno. Mwenye nafasi yake hufungia stoo mpaka Januari. Dada hakuwa na nafasi hiyo. Tarehe 12 Juni 2025 tukamkabidhi wakala milioni mbili na laki nane, ndiyo ilikuwa dola 1,600 za Australia kwa bei ya siku ile, akalipe kwa kadi yake kwa sababu kadi zetu zina kikomo.

Huyo wakala simtaji. Ana ofisi ya vioo hapo Dar, kiyoyozi kinapuliza mpaka unatamani sweta, mezani vibendera vya nchi kama saba na vikombe vya kahawa ambavyo hakuna anayenywea. Hati ya kuthibitisha usajili ilishatoka chuoni tarehe 9. Vyeti vyote vipo, IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ipo, taarifa za benki za kaka zipo. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu: kijana, nimesoma kwamba Julai 1 ada inapanda, peleka haya maombi mapema. Akanijibu, "Mzee, hizo ni siasa zao za uchaguzi, tulia."

Tarehe 3 Julai akanipigia. Ada imepanda, leteni laki saba ya kuongezea.

Pesa yetu ilikaa kwake siku 18 nzima ndani ya Juni. Ilikuwa inafanya nini? Inasoma?

Haya, huyo nitarudi kwake. Sasa niwaeleze hao wenye viza yao, maana ukifuatilia hesabu yao unabaki mdomo wazi.

Mpaka Juni 30, 2024, ada ya maombi ya viza ya mwanafunzi Australia ilikuwa dola zao 710. Kesho yake asubuhi, Julai 1, ikawa 1,600. Julai 1, 2025 ikawa 2,000. Miezi 12 na siku moja, bei imekaribia kuwa mara tatu. Fomu ndiyo ile ile, unajaza mtandaoni kwa intaneti yako mwenyewe, unaskani vyeti vyako mwenyewe, na makato ya kadi juu yake unalipa wewe. Sijui ni mashine gani mpya iliyofungwa huko ya kusomea fomu kwa gharama hiyo.

Kwa shilingi ni kama milioni tatu na laki nne, bei ya dola ya mwanzoni mwa Julai. Na angalieni sadfa: Julai 1, 2025, tarehe hiyo hiyo, ndiyo kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali kwetu kilipanda kutoka 370,000 kwenda 500,000. Tulishangilia hapa, mimi mwenyewe niliandika pongezi. Mtumishi huyo asile, asipande daladala, asilipe kodi ya nyumba kwa karibu miezi saba, ndipo apate pesa ya kuombea viza. Sijasema kupata viza. Kuombea.

Na hapo ndipo panaponichoma. Ukikataliwa, hairudi.

Dada yangu neno analotumia ni "amana". Tangu siku ya kwanza anaiita hivyo, "ile amana ya Wazungu". Kwenye akili yake ni kama unavyomwachia mwenye nyumba kodi ya miezi: chumba kisipopatikana, unarudishiwa chako. Sijapata ujasiri wa kumsahihisha.

Mtu anaweza kusema kila nchi hairudishi ada ya viza. Kweli. Lakini Uingereza mwaka 2025 walichukua pauni 524 kwa aliyeko nje, na najua kuna ile tozo ya afya juu yake, msinikumbushe. Marekani ni dola 185 za viza na 350 za kule kwenye mfumo wao wa wanafunzi. Kanada ni dola zao 150, na 85 za alama za vidole. Hao nao si malaika, Kanada siku hizi wanakata watu kama majani. Ila angalau anayekukata hajakuchukulia mpunga wote.

Nikajiuliza imefikaje huko. Nikasoma, na wenye kujua zaidi nirekebisheni. Baada ya Korona mipaka ikafunguliwa, watu wakaingia kwa wingi. Mwaka wa fedha 2022 hadi 2023 ongezeko la wahamiaji, ukitoa walioondoka, lilizidi laki tano. Nyumba hazitoshi, kodi ikapanda, mwananchi wa kule akakasirika. Hilo namwelewa kabisa, hata mimi ningekasirika. Lakini wanasiasa wakatafuta mtu wa kumbebesha lawama, na wakampata yule asiyepiga kura: mwanafunzi wa kigeni.

Kampeni zao za mwaka 2025 zilikuwa kama mnada. Peter Dutton wa upinzani alitangaza mwezi wa nne kwamba akishinda, viza itakuwa dola 2,500, na anayekwenda kwenye vyuo vyao vikuu vinane vikubwa alipe 5,000. Elfu tano! Upande wa serikali, chama cha Labor, wakaja tarehe 28 Aprili na 2,000 yao, wakaiweka kwenye karatasi ya hesabu za ahadi zao kwamba itawaingizia dola milioni 760 kwa miaka minne. Uchaguzi ukafanyika Mei 3, Dutton akapoteza hata jimbo lake mwenyewe, watu wakasema afadhali. Afadhali ipi? Anayeuza kwa 5,000 kaanguka, anayeuza kwa 2,000 kapita, mnunuzi ni yule yule wa Ifakara.

Someni tena hiyo milioni 760. Iliingia kwenye orodha ya vyanzo vya mapato, mahali pa kufidia ahadi nyingine. Hapo usiniambie ni gharama ya kushughulikia fomu. Kodi ni kodi, iiteni kodi. Na ni kodi inayolipwa na watu ambao hawajakanyaga ardhi yao, na wengine hawataikanyaga kamwe.

Halafu kuna jambo la utaratibu ambalo kwetu lingefanyika tungeandikwa kwenye magazeti ya dunia nzima kwamba hatuheshimu Bunge. Mwaka 2024 waziri wao wa elimu, Jason Clare, alipeleka muswada wa kuweka ukomo wa idadi ya wanafunzi wa kigeni kwa kila chuo. Lengo lilikuwa wanaoanza 2025 wasizidi 270,000. Novemba 2024 upinzani na chama cha Greens wakaukataa, kila mmoja kwa sababu zake, muswada ukafa. Ungedhani yameisha. Desemba 19, kabla hata ya Krismasi, likaanza kutumika agizo la waziri namba 111: maafisa wa viza washughulikie kwanza maombi ya vyuo ambavyo havijafika asilimia 80 ya idadi ya wanafunzi wa kigeni ambayo kila kimoja kilikuwa kimepangiwa. Kwa agizo hilo, chuo kilipofika hapo, maombi yake mapya yalisogezwa foleni ya polepole. Hakuna aliyekatazwa, eti ni foleni tu. Mlango umefungwa na Bunge, mtu kapitia dirishani, na ni halali kwa sheria zao kwa sababu agizo la waziri halihitaji kura. Agosti 2025 wakatangaza kwamba kwa 2026 idadi itakuwa 295,000. Nyongeza hiyo naishukuru, lakini mwombaji wa Tanzania atajuaje chuo alichochagua kiko kwenye asilimia 79 au 81 siku anayobonyeza kitufe cha kulipa?

Na ukikataliwa ukiwa Tanzania, kwa kawaida huna pa kukatia rufaa. Wana baraza jipya la kupitia maamuzi ya serikali, lilianza kazi Oktoba 14, 2024 baada ya kulivunja lile la zamani, na walilisifia sana. Ila mwanafunzi aliyeomba viza akiwa nje ya nchi yao hapati haki ya kupeleka shauri lake huko. Kinachobaki ni kuomba upya. Kuomba upya ni dola 2,000 nyingine.

Mwenye nyumba ana haki ya kusema sitaki wageni. Kwetu hata umwambie mtu "hatupo", atageuza aende zake na hakuna ugomvi. Lakini umeona wapi hodi inauzwa? Unalipa ndipo ugonge, unachunguliwa tundu la ufunguo, unaambiwa rudi, na pesa ya hodi inabaki ndani.

Kuna wanaosema hawana namna, bei ni moja kwa wote. Si kweli. Waombaji wa visiwa vya Pasifiki na wa Timor-Leste wamesamehewa nyongeza hii ya Julai. Kumbe mfumo unajua kutofautisha. Kumbe kuna mtu alikaa akasema hawa ni majirani, tusiwaumize. Nawapongeza hao ndugu wa visiwani, wala sina kinyongo nao. Nilichojifunza ni kwamba sisi tulipimwa tukaonekana tunaweza kuumizwa.

Sijagusa bado zile pesa za kuonyesha benki. Tangu Mei 10, 2024 mwombaji anatakiwa kuonyesha dola 29,710 za kuishi mwaka mmoja, mbali na ada ya chuo na nauli. Kama milioni 50 hivi za kwetu. Bila kaka wa Muscat tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Na maswali sasa. Tangu Machi 2024 unatakiwa kuthibitisha kuwa wewe ni mwanafunzi wa kweli, kwa kujibu maswali kwenye fomu, kila jibu lisizidi maneno 150 ya Kiingereza. Usiku ule tulikaa sebuleni kwangu, umeme ulikatika tukamalizia kwa tochi ya simu. Jibu la kwanza la binti lilikuwa na maneno 212. Alikuwa ameeleza jinsi alivyokua anamwona mama yake akitupa mahindi yaliyoota ukungu, baadaye akaja kusoma kwamba ule ukungu unazaa sumukuvu, ndiyo maana anataka kusomea uhifadhi wa nafaka. Tukaanza kukata. Tukatoa stoo. Tukatoa mvua za mwaka ule. Akafika kwenye sentensi ya mama yake akaniangalia, "Mjomba, na hii nayo?" Ilikuwa na maneno 23 na tulikuwa tumezidi kwa 19. Tukaikata.

Yaliyobaki ni safi, yanasomeka, na yangeweza kuandikwa na mtu yeyote. Afisa anayesoma hayo ndiye ataamua kama huyu ni mwanafunzi wa kweli.

Najua atakuja mtu hapa kusema "si lazima Australia, SUA hakuna uzamili?" Upo, na ni mzuri. Lakini binti alishindana, akashinda, akapewa punguzo. Mtoto wako akishinda utamwambia arudishe ushindi kwa sababu getini pana mtu na kapu?

Maombi yaliingia Julai 8, tukiwa tumeongeza ile laki saba. Laki nne nilikopa kikoba, tatu ni za mke wangu, na hajasahau. Tunasubiri. Jana dada kanipigia kuuliza: ikitokea wamemkataa, ile amana itarudi kabla ya Novemba? Anataka kununua mbolea. Nikamwambia mtandao unasumbua, nitampigia.

Sasa ombi langu. Kama kuna mwanasheria humu, naomba anisaidie: risiti ninayo ya Juni 12, jumbe za simu zote ninazo, pamoja na ile ya "Mzee, tulia". Je, naweza kumdai wakala ile tofauti ya dola 400? Niende baraza lipi, nianze na barua au niende moja kwa moja? Waliowahi kumbana wakala wakarudishiwa, semeni mlifanyaje, hata kwa inboksi.

Na wewe wakala, najua unapita humu, maana ndiko unakotangazia biashara yako. Laki saba yetu iandae. Jumatatu nakuja hapo kwenye vioo vyako, na safari hii nakuja na dada. Mimi ndiye mpole kwenye ukoo huu.