Wakuu naomba ushauri: fundo la ndoano linaachia kila samaki akivuta, nianze kujifunza yapi?

Mgeni wa Kunduchi
Habari za jioni wakuu. Nimeingia kwenye uvuvi wa flai, ule wa kurusha chambo cha manyoya kwa mshipi mnene wenye uzito wake. Kurusha naona kunaanza kukubali, ingawa kusi ikivuma natupa nyuma kuliko mbele. Shida ni mafundo. Naangalia video, nafunga, nikivuta kwa mkono linashika vizuri. Kolekole akishika tu, limeachia.

Vifaa: fimbo namba 8, lida (mshipi mwembamba unaounga ule mnene na chambo) ya nailoni futi 9, na mwishoni nimeunga kipande cha fluorokaboni, aina ya mshipi wa plastiki, cha milimita 0.33. Mtandaoni kuna mafundo mpaka kichwa kinauma. Nianze na yapi, na nitajuaje fundo ni zima kabla samaki hajanijulisha? Wa mshipi wa mkono nanyi karibuni, ila msiniambie nikanunue samaki Feri.

Chubwi
Feri changu wapo wabichi kabisa, mkuu. Haya, natania.

Kabla hujapewa orodha ya mafundo, niambie kitu kimoja. Likishaachia, ncha ya mshipi unaobaki mkononi ikoje?

Mgeni wa Kunduchi
Imejiviringa kama springi ya peni.

Chubwi
Basi mshipi haujakatika, fundo limeteleza likajifungua lenyewe. Jifunze kusoma hiyo ncha, inasema kuliko video. Ikijiviringa, fundo halikukazwa likakaa. Ikiwa imekatwa wima na safi, hilo ni tumbawe au meno, fundo halina kesi. Ukikutana na mzia, samaki mwenye meno makali, utaiona sana, na dawa yake ni kipande cha waya. Ikiwa imekatika palepale kwenye fundo, imepauka na kukunjamana, ulikaza kavu ukaichoma kwa msuguano.

Mama Tasi
Chubwi kamaliza nusu ya kazi. Mdogo wangu, achana na orodha. Kwa kuanza unahitaji mawili tu: la kufunga chambo na la kuunga mishipi miwili.

La chambo ni klinchi iliyoboreshwa. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoano, izungushe kwenye mshipi mama (ule mrefu unaoelekea kwenye fimbo) mara tano, irudishe kwenye kijitanzi kilicho jirani kabisa na tundu, halafu ipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Usikaze bado! Hapa ndipo wengi wanaharibu. Lowesha kwa mate, shika ncha kwa vidole, vuta mshipi mama polepole mpaka mizunguko ijipange ubavu kwa ubavu. Fluorokaboni ni ngumu kuliko nailoni ya kawaida, haipendi kuharakishwa. Ukiona mzunguko mmoja umempanda mwenzake, kata uanze upya, usionee huruma sentimita kumi za mshipi. Ukishakaza, acha kimkia cha milimita mbili hivi. Nadhani wewe unakikata mpaka mwisho ili kipendeze.

La kuunga ni lile la daktari wa upasuaji. Laza mishipi miwili sambamba, ipishane kama shibiri moja, tengeneza kitanzi kwa yote miwili, pitisha ncha mara mbili, lowesha, kisha vuta nyuzi zote nne kwa pamoja. Kumbuka kipande kipya chote ndicho kinachopita kwenye kitanzi, kwa hiyo kikate kwanza kutoka kwenye kibobini. Linafaa hata mshipi mmoja ukiwa mnene kuliko mwingine.

Mzee wa Msasani
Vijana mnajitesa. Mimi na mshipi wangu wa mkono nazungusha mara kumi, nakaza kwa meno, nguru anakuja. Mizunguko mingi ndiyo usalama.

Mama Tasi
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo napinga. Kwenye mshipi mwembamba sawa, ongeza mpaka saba. Ukiwa mnene, mizunguko kumi haikai, inasongamana na fundo linabaki na uwazi ndani. Mnene unataka michache, hata minne. Na meno hayo tunayahitaji, mzee wangu.

Mzee wa Msasani
Marahaba. Meno yapo, usihofu.

Fundi Rili
Naongeza mambo mawili. Klinchi inabana chambo kikawa kigumu puani. Ukishaizoea, jifunze kitanzi kisichobana, kile alichokieneza Mmarekani Lefty Kreh. Chambo kinacheza kama kidagaa hai. Ila ni hatua ya pili, usikimbilie.

Jingine, kagua mshipi wenyewe. Nailoni iliyoning'inia dukani juani miezi na miezi inachoka, hakuna fundo litakaloiokoa.

Mazoezi: usianze na mshipi mwembamba. Chukua kamba ya kiatu na pete ya funguo, fanya hata ukiwa kwenye foleni ya Mwenge. Vidole vikishajua njia, ndipo uhamie kwenye nailoni.

Mgeni wa Kunduchi
Mama Tasi umenipatia, kimkia nilikuwa nakikata mpaka mwisho. Shukrani. Sasa la kuunga lida na ule mshipi mnene wa rangi? Naona wanataja fundo la msumari.

Fundi Rili
Angalia kwanza ncha ya mshipi wako. Mingi ya siku hizi inatoka kiwandani na kitanzi, unaunga kitanzi kwa kitanzi basi. Kama haina, la msumari linafungwa kirahisi kwa kutumia mrija mtupu wa peni badala ya msumari.

Mgeni wa Kunduchi
Kitanzi kipo. Na kupima je?

Chubwi
Ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kama kibobini kimeandikwa kilo 7, funga ndoano kubwa kuukuu, itundike kwenye mpini wa ndoo, tia lita tano, nyanyua taratibu. Likiteleza, ncha itakwambia kwa nini. Nyanyua kidogo tu kutoka sakafuni, na vaa miwani, maana ndoano ikichomoka haijui rafiki.

Mgeni wa Kunduchi
Leo bomba limekauka mkuu. Mchanga vipi?

Chubwi
Mchanga ni mzito kuliko maji, lita tano zitapita kilo 7. Pima kwa mizani ya dukani kwanza.