Naomba ushauri: Kubadilisha antena ya redio iliyovunjika kwenye gari la njia mbovu

Ndugu wanachama, nilipokuwa nikipita njia nyembamba ya msituni, tawi lilinasa antena ya redio iliyo kwenye fenda ya mbele ya gari langu na kuikata, kikabaki kipande kifupi kama kidole, na tangu hapo stesheni za FM zinakwaruza mno. Nilipofungua nati nilikuta kutu imezunguka tundu lote, jambo linalonitia wasiwasi kuliko antena yenyewe, kwa kuwa kitako chake hutegemea kugusana na bati tupu la bodi. Je, nikwangue kutu hadi bati ling'ae, nikaze, kisha nipake grisi kwa juu, au kuna njia bora ya kuzuia maji?

Waya wa zamani unapita nyuma ya dashibodi, nami nimekusudia kuufunga uzi imara kabla ya kuuvuta, ili uzi huo uniongoze kupitisha mpya.

Navutiwa pia na antena fupi ya mpira, ila antena hupokea vizuri ikiwa na urefu wa karibu robo ya wimbi la FM, yaani takriban sentimita 75, na mimi husikiliza redio nikiwa mbali na minara. Aliyewahi kuitumia anieleze kama usikivu ulipungua. Natanguliza shukrani.