Mrejesho: injini ya farasi 40 iliyokuwa inakata nguvu

Wakuu, nilieleza kuhusu injini yangu kuukuu ya boti hapa Mikindani, ile ya kuchanganya oili na petroli: kwenye sailensa (ikizunguka polepole bila kuongezwa mafuta) inatulia, ila tukitoka nje ya ghuba na kufungua moto ili iende kasi, haikawii kulegea.

Fundi alitaka tuanze na kabureta. Nikafuata kwanza ushauri mlionipa hapa wa kumweka mtu abinye pampu ya mpira ya kwenye bomba la mafuta injini inapolegea. Ikabinywa, nguvu zikarudi palepale. Akiacha, inalegea tena. Basi plagi na koili, zinazotoa cheche, nikaziondolea lawama, maana tatizo ni mafuta. Nikaazima tenki na bomba kwa jirani, hali ileile. Ikabaki pampu ya mafuta ya kwenye injini yenyewe. Kufungua, diaframu (utando mwembamba unaosukuma mafuta) imekakamaa na ina ufa mwembamba pembeni. Pampu hii huchezeshwa na mgandamizo wa ndani ya injini, hivyo diaframu ngumu hutosheleza sailensa tu. Ukidai zaidi, mafuta hayaji.

Na mwenzetu hapa aliyenikataza kuendelea kuvua huku tukibinya ana haki: oili huja pamoja na petroli, mafuta yakipungua silinda nayo inakauka.

Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) tumepima, silinda zote mbili zinalingana. Mliosema ringi za pistoni, zinazozuia mgandamizo huo usivuje, zimekwisha, poleni.

Diaframu mpya imefungwa. Juzi tumekwenda hadi Msimbati, upepo wa kusi ukiwa usoni, haikukata. Moshi wa asubuhi bado mwingi, lakini hilo ni swali lingine.