Kizunguzungu cha Mama Mkubwa

Mama Mkubwa: Assalaam alaykum, wanangu. Hii ni wiki ya 3 naona nyumba ikizunguka kila ninapogeukia ubavu wa kulia kitandani, na hata kusujudu nimeacha, naswali nikiwa kitini. Nimepimwa malaria na presha, havina neno.

Mjomba: Pole, Dada. Lala tu, usitikise kichwa mpaka kitulie.

Dada Mkubwa (Kampala): Wa alaykum salaam, Mama. Mjomba uniwie radhi, lakini kulala bila kujigeuza ndiko kunakochelewesha nafuu. Ndani ya sikio mna chembe ndogo za chokaa, na zikibanduka mahali pake zikaingia katika mmojawapo wa mifereji ya mizani ya mwili, kila kichwa kinapobadili mkao husukuma maji ya mfereji huo, ubongo ukadhani mwili unazunguka. Kikikushika hudumu muda gani?

Mama Mkubwa: Hakifiki dakika 1, ila naiona ndefu kuliko safari ya basi kutoka Arua hadi Kampala.

Dada Mkubwa: Basi huenda ni kizunguzungu hicho cha chembe za sikioni. Nenda hospitalini kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba, akulaze chali kwa haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa nyuzi 45, atazame macho yako yanavyochezacheza ili ajue ni sikio lipi, kisha akugeuze hatua kwa hatua kwa njia ya Epley mpaka chembe zirudi kwao. Mara nyingi kikao 1 au 2 hutosha.

Mama Mkubwa: Na shingo yangu hii iliyobeba mitungi ya maji?

Dada Mkubwa: Mwambie kabla hajakugusa. Huenda akakupa zoezi la Brandt na Daroff la nyumbani: unaketi ukingoni mwa kitanda, unageuza uso kushoto kidogo, unalalia ubavu wa kulia kwa nusu dakika au mpaka kizunguzungu kiishe, unaketi nusu dakika, kisha unageuza uso kulia na kulalia ubavu wa kushoto. Hurudiwa mara 5, vipindi 3 kwa siku, kwa wiki 2.

Mjomba: Yaani unamfanyisha makusudi kile kinachomwangusha?

Dada Mkubwa: Ndiyo, Mjomba, ila kitandani, na wewe ukiwa karibu. Miguu ikibaki kuyumba, atajifunza kusimama kwenye pembe ya ukuta, kiti mbele yake, nyayo zikiwa pamoja. Lakini ulimi ukiwa mzito, mkono ukilegea au akiona vitu viwiliviwili, hayo si ya mazoezi. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Mjomba: Nimeelewa. Dada, kesho asubuhi nakuja kukuchukua.

Mama Mkubwa: Njoo, lakini usije na bodaboda.